Masika ya Chemba ya Tatu

2 Machi
Leo nimepigwa jiwe. Si jiwe la mtoto mtukutu, ni la mtu mzima aliyelenga na kupata. Gari la kazini lilikuwa linaingia getini, majirani wamejipanga barabarani huku wamejifunga vitambaa puani, mara kioo cha nyuma kikamwagika chote na bega langu likafa ganzi.

"Wauaji wa pua nyie!" alipiga kelele mama mmoja.

Mwaka mzima sijasikia tusi zuri kama hilo. Nikicheka, bega linauma.

Lakini nawaelewa. Mabwawa yetu ya majitaka yamekufa. Bakteria wanaotakiwa kula uchafu wa mji mzima wameuawa na kitu, maji yamegeuka meusi kama oili chafu, na harufu inaingia hadi kwenye masanduku ya nguo. Mimi ndiye msimamizi wa maabara hapa. Mhandisi, mkuu wetu, anasema kuna mtu huko juu kwenye bomba anatumwagia sumu. Ameagiza vihisio ili tumjue ni nani. Namheshimu sana mtu huyu. Angekuwa mwingine angenunua kioo kipya cha gari, basi.

6 Machi
Vihisio vimefika. Mlinzi alisikia watu wakisema "sensa" akauliza kama tutaanza kuhesabia kwake, maana ana mtoto mchanga hajaandikishwa. Nikamwonyesha: fimbo nene kama mpini wa jembe, na nchani utando mwembamba unaopokea ioni za aina moja tu. Hizi zetu ni za amonia, ambayo maji machafu ya viwandani huwa nayo nyingi. Nikamwambia ni kama mama mkwe wangu: chumba kizima kinaongea, yeye anasikia sauti ya mwanawe peke yake. Akaelewa mara moja.

Cheche ameshatengeneza vizimba vya chuma vya kuzifunika. Cheche ni mdogo wangu, tumbo moja, fundi wa kuchomelea hapahapa kazini. Mama alikuwa anatoka alfajiri kwenda sokoni, kwa hiyo mgongo aliolalia ni wangu. Hasira zake ziko juujuu, lakini hakuna binadamu anayenichekesha kama yeye. "Dada," ananiambia, "atakayegusa kizimba hiki atakwenda kuwasimulia wenzake kwa ishara."

9 Machi
Tumevishusha kwenye chemba tatu za bomba kuu. Ya tatu iko chini ya ukuta wa kiwanda cha ngozi. Kila kimoja nimekipima kwanza kwenye maji ambayo amonia yake naijua, ili kisije kikanidanganya. Sasa namba zinakuja zenyewe kwenye kompyuta ya maabara. Baba Pacha, mume wangu, amelala na mto katikati yetu kwa sababu ya harufu ya mikono yangu.

12 Machi
Mvua ya kwanza, kubwa. Mvua ikinyesha, maji yake huingia bombani na amonia lazima ishuke, ni kama kuongeza maji kwenye chai. Chemba ya kwanza imeshuka. Ya pili imeshuka. Ya tatu imepanda kama mtu anayeruka ngazi mbilimbili.

13 Machi
Mvua. Ya tatu imepanda.

15 Machi
Mvua. Imepanda tena. Kiwandani wanaisubiri mvua iwabebee.

17 Machi
Tumekwenda kiwandani, mimi na Mhandisi. Ua umejaa ngozi mbichi zilizorundikwa, chumvi inachuruzika. Niliona mifereji miwili inayoingia kwenye kisima kimoja cha zege, na kisima ndicho kinachotoa maji kwenda kwenye bomba letu. Mfereji wa kwanza ni wa maji ya chokaa na dawa ya kunyonyoa manyoya. Wa pili ni wa tindikali.

"Haya yakikutana je?" nikamuuliza kibarua mmoja.

"Hayakutani, mama. Ya chokaa yanafunguliwa asubuhi, yanakwisha yote. Ya tindikali mchana."

Hapo Nyapara wa kiwanda akatokea. Ni pande la mtu, shingo hana, kichwa kimekaa mabegani moja kwa moja. Hakutusalimia. Mhandisi alipotoa karatasi ya vipimo, aliichukua, akafutia kisu chake, akairudisha. Mhandisi akaanza kusema habari za sheria. Nyapara akamshika ukosi na mkanda, akamnyanyua kama gunia na kumtupa juu ya rundo la ngozi. Miwani ilipotea kwenye utelezi wa damu na mafuta. Nikainama kuitafuta, akaikanyaga mbele ya vidole vyangu.

"Tokeni kabla sijawatoa. Hapa watu mia wanakula."

Nimemchukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu. 

20 Machi
Kihisio cha chemba ya tatu kimevunjwa. Kizimba kimeng'olewa kwa mtaimbo, fimbo imepondwa hadi utando umegeuka uji. Cheche alikaa ukingoni mwa chemba akitazama vipande bila kufanya mzaha wowote. Hilo ndilo lililonitisha.

24 Machi
Tumeweka kingine. Kizimba kipya ni kizito zaidi. Cheche hakutaka nimshikie taa akikifunga. "Wewe shika namba zako, dada. Chuma niachie mimi."

27 Machi
Kwenye kizimba kuna damu.

Nilifungua mfuniko nikaona imeganda kwenye vyuma, nyingi, na kipande cha kitu ambacho sikukiangalia mara mbili. Ndipo nikaelewa Cheche alichokifanya. Kwa ndani amechomelea mabati aliyoyanoa, yameelekea chini. Mkono unaingia vizuri kabisa. Kutoka ndiyo shughuli.

Kihisio kizima. Namba zinakuja.

Niandike ukweli, maana nani atausoma: nilifurahi. Nilimwaza Nyapara akiwa amefungwa bendeji, nikafurahi hadi jioni.

30 Machi
Si Nyapara. Ni kibarua wa kupakia ngozi, yule yule aliyenijibu kwa upole kuhusu mifereji. Alitumwa. Jeraha liliingia majitaka, likaoza, na jana hospitali wamemkata mkono juu ya kiwiko.

Nimejua kwa sababu mkewe amekuja maabara. Mwanamke mwembamba, kanga imelowa mvua. Akauliza, "Wewe ndiye Mama Pacha?" Nikasema ndimi. Kofi lilinipiga hadi nikaona nyota. Na mimi, badala ya kusimama nilipokee, nilimrudishia. Nikamshika nywele. Tukaangusha meza, chupa zikapasuka, tukagaragara kwenye vioo kama paka wawili mpaka mlinzi akatutenganisha. Nina michubuko magotini. Yeye alitoka akiwa na damu puani na hakulia. Mlangoni aligeuka.

"Mume wangu alikuwa ananisukia nywele," akasema. "Sasa utakuja wewe?"

Nimemwambia Cheche ang'oe yale mabati. Amesema atayang'oa wakiacha kumwaga.

4 Aprili
Mvua. Chemba ya tatu imepanda.

5 Aprili
Mvua. Imepanda. Mkono wa mtu umekatwa na haikubadilisha chochote.

6 Aprili
Wamekuja karakana mchana kweupe, watu wa kiwanda, wengi kuliko mlinzi alivyoweza kuwahesabu. Mlinzi walimvunja taya kwa ubao. Nilikuwa ng'ambo, kwenye mabwawa, nikichukua maji ya kupima, nikasikia ukelele ambao niliutambua tangu ukiwa wa mtoto. Nilikimbia. Nilifika wakiwa wamemlaza Cheche kifudifudi, wamemkalia mgongoni, mkono wake wa kulia wameunyoosha juu ya fuawe la kufulia chuma. Mmoja alikuwa na nyundo ya Cheche mwenyewe. Alipiga kidole kwa kidole, bila haraka, kama mtu anayevunja karanga.

Nyapara alikuwa amesimama mlangoni. Nilimrukia nikamng'ata mkono. Alinisukuma ukutani kwa kiganja kimoja tu.

"Inatosha," akawaambia wenzake. "Nimesema mkono. Hamkusikia? Mkono tu."

Wakaondoka. Cheche aliniangalia, midomo myeupe. "Dada, nihesabie. Vyote vipo?"

Vyote vilikuwepo. Lakini havikuwa vidole tena.

8 Aprili
Daktari anasema hatachomelea tena kwa mkono ule. Polisi wameandika, wameondoka. Mhandisi ameagiza geti jipya.

10 Aprili
Cheche hanichekeshi tena. Anakaa na majirani wale wale waliotupiga mawe. Wanamletea uji, wanamwita shujaa. Leo nimewakuta wananong'ona, nikifika wakanyamaza. Nikamuuliza.

"Tunataka kuwafunga mdomo, dada. Basi."

"Kwa nini hunisikii siku hizi?"

"Nakusikia. Nimechoka tu na namba."

12 Aprili
Kiwanda kimefungwa leo, mapumziko. Kimya. Nimefua.

13 Aprili
Sijui kama nitaweza kuandika haya yote, lakini nisipoyaandika yatabaki yanazunguka kichwani.

Asubuhi ilinyesha kuliko siku zote. Nikakaa mbele ya kompyuta kusubiri chemba ya tatu ipande. Haikupanda. Ilishuka pamoja na ya kwanza na ya pili, sawasawa kama ndugu. Saa zikapita, mvua inapiga bati, na namba imelala. Mhandisi alipita na kikombe chake akaangalia, akatabasamu. "Wameacha," akasema. "Si nilikwambia wataogopa?" Watu wa karakana wakapiga vigelegele. Hata mimi nilisimama nikacheza kidogo.

Kisha nikaketi. Watu wanaosubiri mvua mwezi mzima hawaachi siku mvua ilipokuwa kubwa kuliko zote. Nikachukua koti nikaenda chemba ya tatu. Kihisio kilikuwa kizima. Lakini mdomo wa bomba linalotoka kiwandani ulikuwa umejazwa zege, jipya, gumu, na juu yake mtu ameandika kwa kidole kilichopinda: KULENI WENYEWE.

 Halafu nikaikumbuka ile mifereji. Ya chokaa asubuhi, yanakwisha yote. Leo hayakwenda popote. Yamejaa kisimani, na dawa ya manyoya ndani yake. Na mchana ulikuwa umefika.

Vikikutana vinatoa gesi ya mayai viza. Ikiwa kidogo, inanuka. Ikiwa nyingi, inaua pua kwanza, kwa hiyo mtu anadhani hewa imesafika, anavuta pumzi, anaanguka.

Nilizunguka ule ukuta nikikimbia. Kiatu kimoja kilibaki kwenye tope. Getini walinitambua. Wa kwanza alinipiga ngumi ya tumbo, nikaanguka, wa pili akanipiga teke la mbavu. Nilikuwa napiga kelele, "Kisima! Msishuke kisimani!" na wao wakanisikia kama mtu anayeomba asamehewe. Mpaka Nyapara akaja akaniinua kwa koti.

"Unasemaje?"

"Bomba limezibwa. Tindikali imeshafunguliwa?"

Uso wake ulibadilika kabla sijamaliza. "Nimewatuma vijana watatu wakazibue," akasema.

Tukakimbia wote, mimi nikishika mbavu. Kisima kilikuwa kinatoa povu. Hakikunuka kitu chochote, na ndipo nilipojua tumechelewa. Chini, penye ngazi, walikuwa wamelala, mmoja juu ya mwingine, kama walioamua kupumzika. Wa juu alikuwa bado anatapatapa.

"Usishuke," nikamwambia. "Ukivuta pumzi mara moja tu umekwisha."

"Ni wanangu hawa!"

"Si wanao."

"Nimewaajiri mimi," akasema. "Tofauti ni nini?"

Alijifunga kamba kiunoni, ncha akatupa kwangu na kwa wawili walionipiga getini. Akavuta hewa, mashavu yakajaa, akashuka. Alimkamata yule wa juu kwa mkanda akampandisha, tukampokea. Alikuwa hai. Akazama tena. Safari ya pili tuliona mdomo wake ukifunguka, akakohoa, kichwa kikalegea. Tukamvuta. Uzito wake ulituchana viganja. Alitoka macho yamegeuka, povu la pinki mdomoni. Nilimpulizia hewa mimi, mtu niliyemng'ata, mpaka akatapika juu yangu.

Wengine wawili walitolewa baadaye na watu wa zimamoto. Walilazwa kwenye ngozi kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine. Mvua iliwanyeshea nyusoni, na mtu mmoja akawa anaifuta, inanyesha, anaifuta.

14 Aprili
Mhandisi amenifungia mlango wa ofisi, mimi na yeye.

"Futa namba za juzi na jana," akasema. "Polisi wakiona maji ya kiwanda yalikata lini, watauliza nani aliziba."

"Nani alitoa saruji, bosi?"

Akatazama miwani yake mpya. "Mimi nilimwachia mdogo wako ufunguo wa stoo. Sikumuuliza wa nini."

"Ulijua."

"Nilijua wataumia mfukoni! Wewe ndiye unayejua mambo ya gesi, ungetuambia."

Kwa mwezi mzima nilimdhani mtu jasiri. Sikufuta.

Nyumbani nikamkuta Cheche chini ya kitanda cha pacha, amejikunja, amepakata ule mkono. Pacha walikuwa wamempelekea mto. Baba Pacha akaniambia kwa sauti ya chini, "Ni ndugu yako, sitamtoa. Lakini ninaogopa."

"Nilitaka wanuke kama sisi," Cheche akasema toka kule chini. "Dada, nilitaka wanuke tu."

15 Aprili
Watu wa kiwanda walikuja baada ya maziko. Nondo, mapanga ya kukatia ngozi, petroli kwenye galoni. Barabara ilijaa. Wale majirani waliomwita shujaa walifunga madirisha, nilisikia komeo moja baada ya jingine. Baba Pacha aliwatorosha watoto kwa nyuma. Mimi nilisimama mlangoni na mchi.

"Mtoe!"

Wa kwanza aliyepanda ngazi nilimpiga mchi wa goti, akaanguka akilia. Jiwe likanichana nyusi, jicho likajaa damu. Petroli ilikuwa imeshamwagwa ukutani. Hapo wakapisha njia kwa nyuma, akaja Nyapara, amekonda kwa siku mbili, ametoka hospitali bila ruhusa, sindano bado imebandikwa mkononi. Gesi imemla sauti. Alinong'ona, na kwa sababu alinong'ona, wote wakanyamaza.

"Mimi ndiye niliyewatuma kisimani. Mimi ndiye niliyefungulia maji kila mvua, kwa amri ya tajiri mwenye kiwanda. Yuko wapi tajiri leo? Mmemwona makaburini? Mkianza kuchoma, anzeni na mimi."

Nadhani wangetawanyika. Lakini mlango nyuma yangu ulifunguka na Cheche akatoka, mkono kifuani, akasema, "Niko hapa."

Wakamvamia. Sijui kuyaeleza. Ni sauti tu ninazozikumbuka, nondo ikipata nyama ina sauti butu, kama mtu anayepiga godoro. Nilijitupa juu yake. Kitu kizito kikatua juu yangu, nikadhani ndiyo mwisho, kumbe ni Nyapara, amejilaza juu yetu wote wawili kama paa. Mapigo yalimwangukia yeye. Alikuwa ananong'ona sikioni mwangu, "Tulia, mama. Tulia. Watachoka."

Walichoka. Polisi walipofika tulikuwa watatu tunaovuja damu ngazini. Cheche mwenyewe aliwanyooshea mkono mmoja, wakatafuta namna ya kumtia pingu ule mwingine, wakashindwa.

16 Aprili
Nimekwenda kituoni nikasema yote. Mvua kila siku na namba za chemba ya tatu. Mabati. Saruji. Ufunguo. Tajiri. Mdogo wangu.

17 Aprili
Mama amenitemea mate. Nimekunywa chai kwake tangu nizaliwe. Amemwaga kikombe changu nje.

23 Aprili
Mvua. Chemba ya tatu imetulia. Kiwanda kimewekwa kufuli. Watu mia hawana kazi, na asubuhi nimemwona mke wa yule aliyekatwa mkono akiokota makaa jalalani. Hatukusalimiana. Nilimshikia gunia likajaa, akaondoka.

30 Aprili
Tajiri amekamatwa uwanja wa ndege. Mhandisi amesimamishwa kazi. Bwawa la kwanza limeanza kurudi rangi ya kijani. Majirani wamefungua madirisha na wananisalimia kwa bashasha, na mimi natamani wangenipiga mawe.

9 Mei
Nyapara anakohoa damu. Nimempelekea supu. Mkewe alinifungulia mlango, akasita, akanipisha. Nyapara akainywa kidogo kidogo. Alama ya meno yangu bado iko mkononi mwake.

21 Mei
Mvua zimekwisha. Mara mbili nimekwenda gerezani Cheche akakataa kutoka. Leo ametoka. Amenyolewa, anaonekana mdogo, kama nilivyokuwa nikimpeleka shule. Tulitenganishwa na wavu. Nilijiandaa kwa matusi, nilijiandaa hata kwa kilio.

 Cheche akasema, "Wale wawili. Walikuwa wanaitwa nani? Hapa wote wanasema 'wale marehemu'."

Majina yao nilikuwa nayajua, nilikuwepo makaburini kwa mbali. Nikamtajia, la mkubwa kwanza, kisha la mdogo, na majina ya baba zao.

Akasogeza sikio kwenye wavu.

"Rudia, dada," akasema. "Polepole. Nataka niyashike."